Jinsi dawa ya selimundu inavyoamsha jeni iliyolala

ASUBUHI za mwezi wa Julai mjini Kitale huwa za baridi. Mji huo, ulio kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa wakazi wengi, baridi hiyo ni jambo la kuvaa sweta na kuendelea na shughuli. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, asubuhi kama hiyo yaweza kuanza kwa maumivu makali ya mifupa na kuishia wodini.

Kusini mwa Kitale, katika tambarare za Bungoma, hali ya hewa ni ya joto zaidi na mbu ni wengi zaidi. Huko, tishio kubwa kwa mtoto huyo si baridi bali malaria. Familia nyingi zinazolima Trans Nzoia zina asili yao Bungoma, kwani baada ya uhuru wa 1963 watu wengi walipanda mlima kununua au kugawiwa mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Kwa hivyo si ajabu mtoto mmoja kukumbana na hatari zote mbili: anasoma Kitale akiwa na wazazi, kisha likizo inapowadia anateremka Bungoma kwa nyanya yake.

Watoto wa aina hii wanapofika kliniki, madaktari huwaandikia dawa iitwayo haidroksiyurea. Hunywewa kila siku. Miezi kadhaa baadaye, wazazi wengi huona mabadiliko. Mtoto aliyekuwa akilazwa mara kwa mara anahudhuria masomo muhula mzima. Macho yaliyokuwa ya manjano yanapungua rangi hiyo. Safari za kutafuta damu ya kuongezwa zinakuwa chache.

Hapo ndipo swali huzuka nyumbani: Mtoto sasa ni mzima, kwa nini aendelee kumeza dawa?

Jibu limo ndani ya uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezewa. Dawa hiyo haikurekebisha jeni yenye kasoro ambayo mtoto alizaliwa nayo. Jeni hiyo ingali pale pale. Kilichotokea ni kwamba dawa imeamsha jeni nyingine, nzima kabisa, iliyokuwa imelala tangu mtoto alipokuwa mchanga. Nayo hukaa macho kwa muda ule tu ambao dawa inaendelea kutumiwa.

HERUFI MOJA

Kazi ya chembechembe nyekundu za damu ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Ndani ya kila chembe mna protini iitwayo hemoglobini, ambayo ndiyo hasa inayoishika oksijeni hiyo. Maagizo ya kuitengeneza hemoglobini yameandikwa katika jeni, na jeni zimeandikwa kwa DNA, ambayo inaweza kufananishwa na maandishi yenye herufi nne pekee.

Katika selimundu, herufi moja tu ya jeni inayoitwa beta imebadilika. Kwa ajili ya herufi hiyo, kiungo kimoja cha protini, cha sita katika mnyororo wenye viungo 146, kinawekwa kingine mahali pake. Mwanasayansi Vernon Ingram ndiye aliyeitambua kasoro hiyo katika miaka ya 1956 na 1957, akiwa Cambridge nchini Uingereza.

Kosa hilo ni dogo lakini madhara yake ni makubwa. Hemoglobini yenye kasoro inapoachilia oksijeni, hushikamana na nyenzake na kuunda nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huivuta chembe ya damu, ambayo kwa kawaida ni ya mviringo na laini, hadi ikapinda kama mundu. Chembe zilizopinda hunasa katika mishipa midogo na kuziba njia. Sehemu ya mwili iliyokosa damu huuma, na zikirudiwa mara nyingi ajali hizo huharibu wengu, mapafu, figo na hata ubongo.

Isitoshe, chembe hizo hufa mapema. Chembe nyekundu ya kawaida huishi kwa siku 120 hivi. Ile ya selimundu huishi kati ya siku 10 na 20. Uboho hauwezi kufidia hasara hiyo, na ndiyo sababu mgonjwa hukosa damu. Umanjano wa macho nao hutokana na mabaki ya chembe zilizovunjika.

Baridi huchangia kwa njia iliyo wazi. Mwili unapopigwa na baridi, mishipa midogo hujibana ili kuhifadhi joto. Damu hupita polepole, oksijeni huisha njiani, na chembe hupata muda wa kutosha kupinda kabla ya kutoka katika mshipa mwembamba.

MBU NA MLIMA

Ni kwa nini jeni yenye madhara kama hayo ikaenea sana magharibi mwa Kenya? Mmoja wa waliolijibu swali hilo alikulia humu nchini. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Gilgil katika Bonde la Ufa, alirejea Kenya mwaka wa 1949 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford na kupima damu ya watu wa jamii mbalimbali.

Aligundua kwamba Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni moja ya selimundu. Miongoni mwa jamii za nyanda za juu, hata mmoja katika kila 100 alikuwa nadra. Ramani ya jeni hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka wa 1954, Allison alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mtu huyo si mgonjwa wa selimundu, na wengi hawajui kamwe kwamba wanaibeba.

Mambo hubadilika wazazi wote wawili wakiwa wabebaji. Katika kila ujauzito, upo uwezekano wa moja kwa nne kwamba mtoto atarithi jeni zenye kasoro kutoka pande zote mbili na kuwa mgonjwa. Kwa mtoto huyo ile kinga haimfai kitu. Malaria ikimpata, damu yake ambayo tayari ni haba huvunjika kwa kasi ya kutisha.

Jeni husafiri na watu, haisafiri na mbu. Familia iliyotoka Bungoma hadi Kitale iliacha nyuma sehemu kubwa ya malaria, lakini jeni ilihama nayo. Kwa hiyo mkazi wa nyanda za juu asidhani kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa kule chini peke yao.

JENI ZINAZOPOKEZANA ZAMU

Ili kuielewa kazi ya haidroksiyurea, yafaa kufahamu jambo moja kuhusu jeni: kuwa nayo si sawa na kuitumia.

Karibu kila seli ya mwili ina nakala kamili ya maagizo yote. Seli ya ini, seli ya jicho na seli ya uboho zina kitabu kile kile. Tofauti yao ni kurasa zinazofunguliwa. Jeni ikisomwa, nakala yake hupelekwa kwenye karakana ya seli na protini hutengenezwa. Wataalamu husema jeni hiyo imewashwa. Jeni isiyosomwa imezimwa, ingawa maandishi yake yapo bila hitilafu yoyote.

Jeni nyingi huwashwa na kuzimwa kwa kufuata ujumbe. Seli huzungumza kwa kemikali. Ujumbe ukifika kwenye ukuta wa seli hupokewa na protini iliyoko mlangoni, nayo humkabidhi mwingine ndani, na huyo mwingine, mpaka habari inafika kwenye kiini ambamo DNA imehifadhiwa. Hapo ukurasa mmoja hufunguliwa na mwingine hufungwa. Dawa nyingi zinazotumika leo hufanya kazi kwa kuingilia mnyororo huo mahali fulani: ama huzuia ujumbe, ama huuongeza nguvu.

Jeni za hemoglobini ni mfano mzuri wa mpango huo. Katika kromosomu ya 11, zimepangwa kwa mstari kama watu walio kwenye foleni, na kila moja hushika zamu yake kwa kufuata mpangilio huo huo. Ya kwanza hufanya kazi majuma machache ya mwanzo ya mimba. Zinafuata jeni mbili ziitwazo gama, ambazo hutengeneza hemoglobini ya mtoto aliye tumboni. Ya mwisho kabisa ni beta, inayoshika usukani mtoto anapozaliwa.

Hemoglobini ya tumboni huishika oksijeni kwa nguvu zaidi, na hivyo humwezesha mtoto kuipata kutoka katika damu ya mama yake. Siku ya kuzaliwa, zaidi ya nusu ya hemoglobini ya mtoto huwa ni ya aina hiyo. Kisha jeni za gama huanza kuzimwa. Kufikia umri wa miezi sita hivi, kazi kubwa imehamia kwa beta, na katika watu wazima wengi hemoglobini ya tumboni hubaki chini ya asilimia 2.

Kwa mtoto mwenye selimundu, makabidhiano hayo ndiyo mwanzo wa mateso. Jeni nzuri imekwenda kulala na jeni yenye kasoro imeingia kazini. Mtoto aliyenenepa na kucheka kwa miezi mitano huanza ghafla kuvimba viganja na nyayo, kulia bila kutulizika na kupauka. Wazazi wasiojua huambiwa ni meno yanaota, au jirani ana jicho baya. Kumbe ni zamu tu iliyobadilishwa ndani ya uboho.

WASIOUMWA WALIVYOTOA DOKEZO

Daktari Janet Watson wa New York aliliona jambo hilo mwaka wa 1948. Alipochunguza damu ya watoto wachanga waliorithi selimundu, chembe zao zilipinda kwa uchache kuliko za mama zao. Alipendekeza kwamba hemoglobini ya tumboni ndiyo iliyowalinda.

Dokezo jingine lilitoka mashariki mwa Saudi Arabia. Katika miaka ya 1970, madaktari waliripoti kwamba wagonjwa wa selimundu wa eneo hilo walikuwa na ugonjwa mwepesi kuliko ilivyotarajiwa. Jeni yao ya beta ilikuwa na kasoro ile ile. Lakini kwa kurithi, jeni zao za gama hazikuzimika kikamilifu, na waliendelea kutengeneza hemoglobini nyingi ya tumboni hata ukubwani.

Sababu ya kinga hiyo inaeleweka. Zile nyuzi ngumu hujengeka kwa hemoglobini zenye kasoro kushikana moja kwa nyingine. Hemoglobini ya tumboni haishikani nazo. Ikiwapo ya kutosha ndani ya chembe, huvunja mfululizo na nyuzi hushindwa kurefuka.

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mwili huuweka kando mkeka wake wa zamani, lakini haukuutupa. Wanasayansi wakaanza kujiuliza kama ipo dawa inayoweza kuutandika tena.

DAWA ILIYOTOKA KWENYE SARATANI

Hatua ya kwanza ilipigwa mwaka wa 1982. Watafiti nchini Marekani waliwapa nyani wenye upungufu wa damu dawa ya saratani iitwayo azasitidini, na hemoglobini ya tumboni ikapanda. Dawa hiyo ilijulikana kuondoa vizibo vidogo vya kikemikali ambavyo mwili hubandika juu ya DNA ili kuzima jeni. Ilidhaniwa kwamba fumbo limefumbuliwa: ondoa vizibo, jeni itaamka. Lakini azasitidini ilikuwa na sumu, na madaktari walisita kuwapa watu dawa hiyo kwa miaka mingi mfululizo.

Ndipo ikajaribiwa haidroksiyurea. Kemikali hiyo ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka wa 1869, na kwa muda mrefu ilikuwa ikitumiwa kutibu aina fulani za saratani ya damu. Haiondoi vizibo vile. Hata hivyo, mwaka wa 1984 iliripotiwa kwamba wagonjwa wa selimundu walioitumia waliongeza hemoglobini ya tumboni. Lazima kulikuwa na njia nyingine ya kuiamsha jeni ya gama.

Njia mojawapo inahusu mwendo wa kazi ndani ya uboho. Seli inayotaka kugawanyika huhitaji kunakili DNA yake, na kwa hilo huhitaji matofali ya kujengea. Haidroksiyurea hukifunga kimeng'enya kinachoyatengeneza matofali hayo. Kwa saa chache kila siku, seli zinazogawanyika kwa kasi hukwama.

Dawa inapopungua mwilini, uboho hujikuta na upungufu na kuanza kuharakisha uzalishaji. Huita kazini seli changa ambazo kwa kawaida zingesubiri kukomaa zaidi. Seli changa hizo zingali na ukurasa wa gama wazi. Chembe nyekundu zinazotokana nazo hubeba hemoglobini ya tumboni kwa wingi.

Njia ya pili ni ya ujumbe. Haidroksiyurea inapovunjwavunjwa mwilini hutoa oksidi ya naitriki, gesi ambayo seli nyingi huitumia kama ishara. Ndani ya seli changa za damu, gesi hiyo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza mjumbe mwingine, naye hupeleka habari hadi kwenye kiini. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mnyororo huo wa ujumbe unaweza kuongeza usomaji wa jeni za gama. Gesi hiyo hiyo hulegeza mishipa ya damu.

Watafiti bado wanajadiliana ni njia ipi yenye uzito mkubwa zaidi. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba manufaa ya dawa hayaishii kwenye hemoglobini peke yake. Chembe nyeupe, ambazo wingi wake huchochea uvimbe na kuziba mishipa, hupungua. Chembe nyekundu huwa kubwa zaidi na hazinati kwenye kuta za mishipa kama hapo awali.

USHAHIDI KUTOKA MBALE NA KILIFI

Uthibitisho wa kwanza wa hakika ulipatikana Marekani. Utafiti uliohusisha watu wazima 299 na kuchapishwa mwaka wa 1995 ulionyesha kwamba waliotumia haidroksiyurea walipata vipindi vya maumivu vichache kwa karibu nusu, wakilinganishwa na waliopewa tembe zisizo na dawa. Mwaka wa 1998 dawa hiyo iliidhinishwa huko kwa watu wazima wenye selimundu.

Barani Afrika, ambako wengi wa wagonjwa huzaliwa, matumizi yalichelewa. Pamoja na gharama, palikuwa na hofu ya kitaalamu. Dawa inayopunguza chembe nyeupe huenda ikadhoofisha kinga. Je, mtoto wa Bungoma hangeuawa na malaria kwa sababu ya dawa iliyokusudiwa kumwokoa?

Nchini Uganda, watafiti katika Hospitali ya Mulago waligawa watoto 208 katika makundi mawili, moja likipewa dawa na jingine tembe tupu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kwamba dawa haikuongeza visa vya malaria.

Utafiti mkubwa zaidi, uliojulikana kwa jina la REACH, ulifanyika katika vituo vinne: Luanda nchini Angola, Kinshasa nchini Kongo, Kilifi katika Pwani ya Kenya, na Mbale nchini Uganda. Mbale uko upande wa pili wa Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Bungoma, na watoto wake huumwa na mbu wa aina moja na wa huku. Watoto 606 wenye umri kati ya mwaka 1 na 10 walianzishiwa dawa.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2019. Kwa kila watoto 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, vipindi vya maumivu vilipungua kutoka 98.3 kabla ya dawa hadi 44.6 wakiitumia. Visa vya malaria vilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Mara za kuongezewa damu zilitoka 43.3 hadi 14.2. Vifo vilipungua kutoka 3.6 hadi 1.1.

Takwimu hizo zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Katika REACH hapakuwa na kundi lisilopewa dawa, bali kila mtoto alilinganishwa na hali yake ya awali, na huenda uangalizi wa karibu wa watafiti nao ulichangia. Lakini zikiwekwa pamoja na zile za Mulago, hofu kwamba haidroksiyurea ingefungulia malaria mlango haikuthibitika.

Utafiti mwingine wa Mulago, uliochapishwa mwaka wa 2020, ulilinganisha watoto waliobaki kwenye kipimo kimoja cha dawa na walioongezewa hatua kwa hatua kulingana na majibu ya damu yao. Walioongezewa walifanya vizuri zaidi, kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake.

KWA NINI DAWA HAIKATIZWI

Hapa ndipo swali la wazazi linapata jibu. Kwa kuwa herufi iliyokosewa haijarekebishwa, uboho huendelea kutoa hemoglobini yenye kasoro kila siku. Haidroksiyurea huweka kando yake hemoglobini ya kuizuia. Dawa ikiachwa, ujumbe hukoma, seli changa hurudi kwenye mwendo wao wa zamani na ukurasa wa gama hufungwa tena. Chembe zenye kinga hufa kwa zamu, na majuma machache baadaye mtoto huanza kurudi alikotoka.

Kasi ya kupata nafuu nayo hufuata utaratibu huo huo. Dawa haibadilishi chembe zilizokwisha kutengenezwa, bali hubadilisha zile zitakazozaliwa. Ndiyo maana haitulizi maumivu ya usiku wa leo, na mzazi anayeiacha baada ya juma moja kwa kuona haijafaa kitu huwa hakuipa nafasi. Manufaa huhesabiwa kwa miezi.

Kwa kuwa inagusa uboho wote, dawa hii haiwezi kutumiwa kiholela. Ikizidi, chembe nyeupe na zile za kugandisha damu hushuka mno. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, hasa mwanzoni na kila kipimo kinapoongezwa. Kwa familia inayoishi mbali na maabara, nauli na ada za vipimo hivyo zaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko bei ya dawa yenyewe.

Kipimo cha dawa hutegemea uzito. Katika REACH, watoto walianza kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 15 angehitaji kati ya miligramu 225 na 300, ilhali kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500. Kuifungua na kukisia nusu nyumbani ni hatari kwa mtoto na kwa anayeishika. Ni mfamasia au daktari anayepaswa kueleza njia salama, au kutafuta kapsuli ndogo au dawa ya maji. Mama mjamzito asiishike dawa hii kwa mikono mitupu. Wanaotumia dawa hii na wamefikia umri wa kuzaa, wake kwa waume, wazungumze na daktari kabla ya kupanga mimba.

Haidroksiyurea pia haiondoi haja ya ulinzi mwingine. Mtoto hubaki akihitaji chanjo zote, penisilini katika miaka yake ya kwanza mitano, asidi ya foliki, dawa za kuzuia malaria na chandarua, akiwa Kitale au Bungoma.

KUFULI LINALOKATWA

Mwaka wa 2008, watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo mlinzi mkuu anayezifunga jeni za gama baada ya mtoto kuzaliwa. Ugunduzi huo ulizaa tiba mpya. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, swichi ya mlinzi huyo hukatwa katika maabara, kisha seli hurudishwa mwilini. Gama huamka na kubaki macho bila kumeza dawa kila siku. Tiba hiyo, kwa jina Casgevy, iliidhinishwa Uingereza mnamo Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Zaidi ya hayo, mgonjwa hulazimika kwanza kupewa dawa kali za kuusafisha uboho wa zamani, kazi inayohitaji hospitali yenye vifaa vya hali ya juu. Kwa familia ya magharibi mwa Kenya, hiyo ni habari ya mbali. Hata hivyo, inathibitisha jambo moja: kitasa kinachovunjwa na teknolojia hiyo ya mamilioni ndicho hicho hicho ambacho kapsuli ya haidroksiyurea hukifungua kidogo kidogo kila siku.

Kwa sasa, faida kubwa ipo katika kugundua mapema. Kipimo cha tone la damu kutoka kisiginoni mwa mtoto mchanga chaweza kuonyesha ugonjwa kabla jeni za gama hazijalala, na vipo vipimo vya papo hapo vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Wachumba nao wanaweza kupimwa ili kujua kama wote wawili ni wabebaji.

Nyumbani, mambo ni yale yale ambayo wauguzi hurudia kila kliniki. Mtoto avae nguo za joto asubuhi, hasa anapotoka Bungoma kurejea Kitale. Anywe maji mengi. Homa yoyote ni ya kupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo, wala isisubiriwe kupita. Mtoto akipauka ghafla au tumbo likivimba upande wa kushoto, huenda wengu umenasa damu, na hapo kila saa ina thamani. Na siku ambayo anacheza na wenzake bila kuumwa popote, ameze dawa yake kama alivyomeza jana.